Antivirusi na ile 99%: vipimo vya maabara vinasema nini juu ya virusi vipya?

Mtu anayenunua antivirusi mjini Goma, iwe kwenye duka la mashini ao kupitia intaneti, karibu kila mara anakutana na tarakimu kubwa: 99,5%, 99,8%, hata 100%. Tarakimu hizo hazikutungwa. Zinatoka kwenye maabara ambazo kazi yao ni kupima antivirusi na kutangaza matokeo. Lakini mwanafunzi mwenye TFC yake kwenye flashi, mwenye sekretaria karibu na chuo kikuu, kituo cha afya ao shirika la kutetea haki za watu wana swali lingine: kirusi kilichotengenezwa jana usiku, ambacho hakuna mtu amekwisha kukiona, antivirusi hii itakizuia leo asubuhi?

Jibu fupi ni hili: ile tarakimu inajibu swali hilo kwa sehemu tu. Na kwa mashini isiyopata intaneti kila siku, sehemu hiyo inapungua tena.

Antivirusi inatambua kirusi namna gani?

Wakaaji wa Kivu Kaskazini wanakumbuka vizuri vizuizi vya Ebola kati ya mwaka 2018 na 2020. Pale kulikuwa namna mbili za kumtafuta mgonjwa. Moja ni kipimo cha damu katika maabara: kinasema bila kusitasita kama ni Ebola ao siyo, lakini kinatafuta ugonjwa mmoja unaojulikana. Nyingine ni kile kifaa cha kupima joto barabarani: hakijui jina la ugonjwa, kinaangalia tu kama mtu ana homa.

Antivirusi nayo inafanya kazi kwa namna hizo mbili. Namna ya zamani ni saini. Kampuni inapata kirusi, inachukua alama yake, na inatuma alama hiyo kwa mashini zote za wateja. Hiyo ndiyo maana ya ile mise à jour ya kila siku. Kirusi kinachojulikana kinakamatwa mara moja. Kirusi ambacho alama yake haijafika kinapita.

Namna ya pili ni kuangalia tabia. Programu ikianza kufungua mafaili yote ya mtu moja baada ya nyingine na kuyaandika upya kwa maandishi yasiyosomeka, antivirusi haihitaji kujua jina lake. Inaisimamisha. Lakini sawa vile mtu aliyeambukizwa anaweza kupita kizuizini kabla homa haijaanza, kirusi kinaweza kulala kimya kwa siku nyingi, ao kufanya kazi polepole bila kuonyesha homa yoyote.

Siku hizi kuko na namna ya tatu. Antivirusi inauliza seva za kampuni kupitia intaneti: faili hii mmekwisha kuiona? Toka lini? Kwenye mashini ngapi? Faili ambayo hakuna mtu duniani anaifahamu inatiliwa mashaka. Njia hii ina nguvu sana, lakini inataka intaneti wakati ule ule.

Kazi yenyewe ni kubwa. Maabara ya AV-TEST, iliyo katika mji wa Magdeburg nchini Ujerumani, inasema inaandikisha zaidi ya programu 450.000 mpya zenye kudhuru ao zisizotakiwa kila siku. Nyingi kati yake si mpya kweli. Ni virusi vya zamani vilivyovalishwa nguo mpya na mashini, ili saini zao zisitambulike. Na tayari katika miaka ya 1980 mtaalamu Mmarekani Fred Cohen alionyesha kwa njia ya hesabu kwamba hakuna programu inayoweza kusema bila kosa, kwa kila programu nyingine, kama ni kirusi ao siyo. Antivirusi yoyote inakisia. Vipimo vinajaribu kujua inakisia vizuri kiasi gani.

Wanaopima ni akina nani?

Majina yanayorudi mara nyingi ni machache. AV-TEST ni ya Magdeburg. AV-Comparatives iko Innsbruck, Austria. SE Labs iko London. Virus Bulletin ilianza kama gazeti la wataalamu Uingereza mwaka 1989, na toka 1998 inatoa cheti kinachoitwa VB100. Mwaka 2008 maabara na makampuni ya antivirusi waliunda umoja unaoitwa AMTSO, ili kupatana juu ya kanuni za upimaji wa haki.

Kipimo cha kisasa kinafanywa hivi. Maabara inaweka mashini zinazofanana, kila moja na antivirusi yake. Halafu inafungua kurasa za intaneti na viambatisho vya barua pepe vyenye virusi, sawa vile mtu wa kawaida angefungua, na inaangalia kama mashini imeambukizwa ao imeokoka. Baadaye inaleta programu safi, kuona kama antivirusi itapiga kelele bila sababu. Hatua hii ya pili ni ya lazima, kwa sababu antivirusi inayozuia kila kitu ingepata 100% ya virusi, lakini hakuna mtu angeweza kufanya kazi na mashini yake. AV-TEST inatoa pointi 6 kwa ulinzi, 6 kwa uzito wa programu kwenye mashini, na 6 kwa kutosumbua mtumiaji. Jumla ni 18. Mtu akiona «17,5», ajue basi kwamba pointi za ulinzi ni theluthi moja tu ya alama hiyo.

Neno «kipya» lina maana gani katika maabara?

Hapa ndipo shida yenyewe inapoanza. Ili kupima antivirusi, maabara inahitaji kirusi mkononi. Ili kirusi kiwe mkononi, lazima mtu fulani awe amekwisha kukigundua. Kwa hiyo kirusi ambacho hakuna mtu anakijua hakiwezi kuwa ndani ya kipimo. Kile maabara inachokiita kipya ni kirusi cha masaa machache ao siku chache, ambacho kimekwisha kuonekana mahali fulani, na mara nyingi kimekwisha kumpata mtu fulani.

Tarakimu ya 99% inapima basi mbio za kampuni: baada ya kirusi kutokea duniani, inachukua muda gani kuwakinga wateja wengine? Hilo ni jambo la maana sana kwa mtu wa elfu moja atakayeguswa. Kwa mtu wa kwanza, linasema kidogo.

Jambo la pili ni mahali virusi vinapokusanywa. Maabara inakamata kwanza virusi vinavyoenea sana, kwenye kurasa na barua pepe zinazozunguka dunia nzima. Kirusi kilichotumwa kwa shirika moja tu la Goma, ndani ya barua inayotaja mkutano wa kweli, hakitaingia katika mtego wa Magdeburg ao Innsbruck. Labda baada ya miezi. Labda hakitaingia kabisa.

Jambo la tatu watu wengi hawalifikirii: mtengenezaji wa kirusi naye anapima. Mwezi wa nane 2014 nyaraka za FinFisher, kampuni iliyokuwa inauzia serikali programu za kupeleleza kompyuta na telefone, zilivuja kwenye intaneti. Kati yake kulikuwa jedwali lililoonyesha namna programu hiyo ilivyojaribiwa mbele ya antivirusi 35 zinazojulikana. Kampuni ilikuwa inataka kujua nani anaiona, ili irekebishe. Mshambuliaji wa kweli hatumi kirusi chake kabla hakijapita mbele ya antivirusi za sokoni. Kwa hiyo sehemu kubwa ya ile 99% ni ushindi juu ya washambuliaji wavivu. Ni wengi, na wanadhuru, lakini si wote.

Kuko pia wanaotumia VirusTotal, huduma iliyoanzishwa Uhispania mwaka 2004 na kununuliwa na Google 2012, inayopitisha faili moja mbele ya antivirusi zaidi ya 70. Ni chombo kizuri cha kukagua faili yenye mashaka. Lakini VirusTotal yenyewe inaonya kwamba matokeo yake yasitumike kulinganisha antivirusi, kwa sababu pale haziwekwi kwenye mashini kamili na haziangalii tabia ya programu kama nyumbani. Na jibu la «0 kati ya 70» halina maana kwamba faili ni safi. Faili mpya kabisa nayo inaweza kupata sifuri.

Kipimo cha kugandisha: kile kilichokaribia swali la kweli

Kwa miaka mingi AV-Comparatives ilifanya kipimo cha namna nyingine, na Virus Bulletin ilikuwa na cha kwake kilichoanza 2009. Walikuwa wanagandisha antivirusi siku fulani: hakuna mise à jour tena, hakuna intaneti. Halafu wanaleta virusi vilivyotokea baada ya siku hiyo. Kwa namna hiyo antivirusi ilikuwa inakutana na kitu ambacho kampuni yake haijawahi kukiona kweli.

Tarakimu zilishuka, na tofauti kati ya kampuni moja na nyingine ikaonekana wazi. Lakini makampuni yalilalamika kwamba kukata intaneti ni kukata mkono mmoja wa antivirusi, kwa sababu seva zao ndizo zinafanya kazi kubwa siku hizi. Wana haki: huko Ulaya, mashini bila intaneti ni nadra. Polepole vipimo vya kugandisha vilirudi nyuma, na vile vya mashini iliyounganishwa muda wote vikachukua nafasi.

Lakini Goma si Innsbruck. Hapa mashini iliyogandishwa ni jambo la kila siku. Mwenye mashini ananunua mega kidogo na anazitumia kwanza kwa WhatsApp na barua pepe. Antivirusi inangojea. Umeme unakatika, intaneti inapotea. Mwishoni mwa mwezi wa kwanza 2025, wakati wa mapigano ndani ya mji, umeme na intaneti vilikosekana kwa siku nyingi, na flashi zikabaki njia ya kupitisha mafaili kati ya watu. Kila siku ya namna hiyo, antivirusi inarudi karibu na ile hali ya kugandishwa.

Hapa kuko tarakimu moja inayofaa sana, ambayo haiandikwi kwenye boksi. Katika kipimo chake cha ulinzi dhidi ya programu haribifu, AV-Comparatives inatoa matokeo ya antivirusi ikiwa na intaneti, na pia matokeo ya utambuzi ikiwa bila intaneti. Baadhi ya antivirusi zinabaki juu ya 90% pande zote mbili. Zingine zinazojivunia 99% zikiwa na intaneti zinaanguka chini ya 80% ikikatwa. Mkaaji wa Goma, Butembo, Bukavu ao Bunia aangalie safu hiyo ya pili kabla ya kuangalia nyingine yoyote.

Flashi: kisa kinachokaribiana na sekretaria zetu

Mtu anayetaka kuimprime kazi yake anapeleka flashi kwenye sekretaria, inaingizwa kwenye mashini ambayo imekwisha kupokea flashi za watu wengine siku hiyo, halafu inarudi nyumbani ao ofisini. Wengi wanajua matokeo: mafolda yanapotea na mahali pake panaonekana alama za mkato.

Mwaka 2023 wataalamu walionyesha kwamba njia hii inatumiwa pia na wapelelezi wakubwa. Kampuni ya Mandiant ilieleza kampeni ya flashi yenye programu inayoitwa Sogu, ambayo inaunganishwa na kundi la China. Kati ya nchi zilizoguswa zilikuwemo Kenya, Tanzania, Zimbabwe, Madagascar, Ghana na Misri. Mandiant ilitaja maduka ya kuimprime na mahoteli kati ya mahali ambapo maambukizi yanaweza kuanzia. Mwaka huo huo kampuni ya Sophos ilieleza kirusi cha jamii moja, PlugX, kilichokuwa kinaruka kutoka flashi hadi flashi katika nchi kama Ghana, Nigeria na Zimbabwe. Mwaka 2024 kampuni ya Ufaransa Sekoia ilieleza kwamba ilikuwa imechukua usimamizi wa anwani moja iliyoachwa na wenye kirusi hicho. Ndani ya miezi michache iliona anwani za intaneti karibu milioni 2,5 zikijaribu kupiga simu «nyumbani», kutoka nchi zaidi ya 170.

Kinachogusa mada yetu ni namna kilivyojificha. Katika kisa cha Sophos, flashi ilikuwa na vitu vitatu: programu halali ya kampuni ya Avast yenye sahihi ya kweli, faili ndogo haribifu iliyopewa jina ambalo programu hiyo inalitafuta, na faili ya tatu iliyofungwa kwa siri. Mtu anapobonyeza alama ya mkato, programu halali inaanza, inaivuta ile faili ndogo, na kirusi kinaingia kikiwa kimevaa koti la antivirusi yenyewe. Avast haikuwa na kosa la kukitengeneza. Jina lake lilitumiwa.

Na PlugX inajulikana kwa wataalamu toka karibu 2008. Kirusi cha zamani, nguo mpya, njia ya flashi. Vipimo vingi vya «ulimwengu wa kweli» vinapitisha virusi kupitia kurasa za intaneti na barua pepe, kwa sababu ndiyo njia kubwa huko vinakofanyiwa. Kuko vipimo vinavyohesabu pia flashi na mtandao wa ofisi, lakini havitangazwi kwa nguvu ile ile. Msomaji aulize kila mara: virusi viliingilia mlango gani katika kipimo hiki? Kama mlango wake mkubwa ni flashi, matokeo ya mlango wa intaneti hayamtoshi.

Telefone: hapo tofauti ni kubwa zaidi

Kwa watu wengi wa mashariki telefone ndiyo kompyuta, na toka mabenki ya Goma yafungwe mwanzoni mwa 2025, M-Pesa, Airtel Money na Orange Money zimebeba uzito mkubwa zaidi. Antivirusi za bure za Android ni nyingi, na zote zinaahidi ulinzi.

Mwezi wa tatu 2019 AV-Comparatives ilitangaza kipimo cha antivirusi 250 za Android, mbele ya programu haribifu 2.000. Ni 80 tu ndizo zilizotambua zaidi ya 30% bila kulaumu programu safi. Programu haribifu hizo hazikuwa mpya, zilikuwa za kawaida za mwaka uliotangulia. Baadhi ya «antivirusi» hizo hazikuwa zinachunguza kitu. Zilikuwa na orodha ya majina yanayokubalika, na kila programu nje ya orodha iliitwa kirusi. Kuko hata zilizojilaumu zenyewe, kwa sababu watengenezaji walisahau kuweka jina lao kwenye orodha. Antivirusi ya namna hiyo ni mbaya kuliko kukosa antivirusi: inakula mega, inaonyesha matangazo, na inamtuliza mtu bure.

Na kitu kimoja hakuna maabara inayoweza kukipima: mtu anayepigiwa simu na kutoa namba yake ya siri ya M-Pesa hakuambukizwa kirusi chochote. Hakuna antivirusi ya kumzuia.

Mchezo mchafu katika mtihani

Makampuni yanajua saa ya mtihani, na yanatuma programu yao kwa maabara. Mwaka 2015 AV-TEST, AV-Comparatives na Virus Bulletin walitangaza pamoja kwamba wameondoa vyeti vya mwaka huo vya kampuni ya China Qihoo 360. Walikuwa wamegundua kwamba programu iliyoletwa mtihanini ilikuwa inafanya kazi kwa injini ya kampuni nyingine, Bitdefender, wakati wateja wengi walikuwa wanapokea programu ambamo injini hiyo imezimwa. Sawa vile fundi anayeonyesha sampuli ya mbao ya libuyu na kuleta mlango wa mbao laini. Kisa hiki kinaonyesha hatari iliyopo, na pia kwamba maabara zinaweza kuigundua.

Hesabu ndogo

Kipimo cha ulimwengu wa kweli kinatumia mara nyingi virusi mia kadhaa tu. Tuchukue mfano wa virusi 500. Antivirusi A inazuia 499, yaani 99,8%. Antivirusi B inazuia 496, yaani 99,2%. Kwenye karatasi A imeshinda. Kwa kweli tofauti yao ni virusi vitatu, na mwezi unaofuata B inaweza kushinda.

Na 100%? Antivirusi isiyokosa hata kimoja katika virusi 400 haijathibitisha kwamba haikosi kamwe. Kwa kanuni ya takwimu, makosa yake ya kweli yanaweza bado kufika karibu 0,75%, yaani 3 gawanya kwa 400. Ndiyo sababu maabara za haki zinaweka bidhaa katika makundi, badala ya kusema huyu ni wa kwanza na huyu ni wa pili. Antivirusi inayobaki juu kwa miaka mitatu ina uzito kuliko inayong'aa mara moja.

Pale ambapo antivirusi haifiki

Kwa waandishi wa habari na watetezi wa haki, hatari kubwa si kirusi cha sekretaria. Mwezi wa kumi 2015 shirika la Privacy International lilitoa ripoti juu ya Uganda. Ilieleza operesheni yenye jina la Kiswahili, «Fungua Macho», iliyotumia FinFisher baada ya uchaguzi wa 2011, kwa kulenga wapinzani na wengine, pia kupitia intaneti ya mahoteli. Serikali ya Uganda ilikanusha. Mwezi wa kumi na mbili 2021 shirika la habari Reuters liliripoti kwamba iPhone za angalau wafanyakazi 9 wa serikali ya Marekani, waliokuwa Uganda ao wanaoshughulikia Uganda, ziliingiliwa na Pegasus ya kampuni ya Israeli NSO. Pegasus imekwisha kutumia matundu ambayo hata Apple haikuyajua, na mara zingine mwenye telefone habonyezi kitu. Kwenye iPhone, antivirusi ya dukani hairuhusiwi kuchunguza programu zingine. Hapo 99% haina maana yoyote. Ulinzi ni kuweka telefone ya sasa na kutoweka siri zote mahali pamoja.

Basi antivirusi ni bure?

Hapana. Mashini bila ulinzi inapata hata virusi ambavyo vimejulikana kwa miaka kumi, na ndivyo vingi kwenye flashi za hapa. Kosa ni kuifanya antivirusi ukuta wa mwisho.

Mfano mzuri ni WannaCry. Tarehe 12 mwezi wa tano 2017 kirusi hicho kilifunga mafaili ya kompyuta zaidi ya 200.000 katika nchi karibu 150 na kudai fidia. Kilikuwa kipya siku hiyo. Lakini tundu kilimopitia lilikuwa limekwisha kuzibwa na Microsoft tarehe 14 mwezi wa tatu, karibu miezi miwili mbele. Mashini iliyokuwa imepokea masasisho ya Windows haikuingiliwa kupitia tundu hilo, hata kama antivirusi yake haikujua jina WannaCry. Na mtu mwenye kopi ya mafaili yake pembeni hakuwa na sababu ya kulipa.

Maswali matano mbele ya tarakimu

- Nani amepima? Maabara inayotajwa na tarehe, ao kampuni yenyewe?
- Kipimo ni cha lini? Cha miaka miwili nyuma hakisemi kitu juu ya leo.
- Virusi viliingilia wapi: intaneti, barua pepe ao flashi?
- Matokeo bila intaneti ni ngapi?
- Ililaumu programu safi ngapi?

La kufanya hapa kwetu

Kopi kwanza. TFC, rejista ya kituo cha afya, hesabu za ushirika, sauti za mahojiano: viwe mahali patatu, na moja iwe diski inayochomolewa baada ya kukopi. Kirusi cha fidia kinafunga pia diski kinayoikuta imechomekwa.

Windows 10 na 11 zina tayari antivirusi ya Microsoft, bila malipo. Kwa mashini isiyo na intaneti, Microsoft inatoa faili ya masasisho ya kushusha kwa mkono. Ni zaidi ya mega 100, lakini inashushwa mara moja na kupelekwa kwa flashi safi kwenye mashini zote za ofisi. Makampuni mengine kadhaa yana njia kama hiyo. Mwenye sekretaria anaweza kuifanya kila juma.

Windows 10 yenyewe haipokei tena masasisho ya kawaida toka tarehe 14 mwezi wa kumi 2025. Mwenye nayo aangalie kama mashini inaweza kubeba Windows 11. Kama haiwezi, asiifanye mahali pa kazi za siri.

Crack inayotaka antivirusi izimwe kwanza isikubaliwe. Inaomba kufunguliwa mlango kwa mkono wa mwenye nyumba.

Kwa kuimprime, ni heri kutuma faili kwa barua pepe ao WhatsApp kuliko kuingiza flashi. Kama flashi ni lazima, iwe ya kazi hiyo tu, bila mafaili mengine, na ifutwe yote ikirudi. Ikionekana alama ya mkato mahali pa folda, isibonyezwe. Mara nyingi mafaili yapo bado, yamefichwa tu.

Kwenye Android, programu zitoke Play Store, siyo faili iliyotumwa katika grupu la WhatsApp, na Play Protect ibaki imewashwa.

Hatua hizi hazitegemei jina la kirusi, kwa hiyo zinafanya kazi hata kwa kile kitakachotengenezwa kesho. Antivirusi yenye matokeo mazuri bila intaneti inaongeza nguvu juu yake, haichukui nafasi yake.